Pasipofika Mkono

Waswahili wana methali: mtu hujikuna ajipatapo. Husemwa pale mtu anapotoa kidogo kwa sababu ndicho alicho nacho. Umepewa kadi ya mchango wa harusi, mfukoni una shilingi elfu tano, unatoa hiyo elfu tano, na mwenye busara katika kamati atakutetea kwa maneno hayo. Ni methali ya huruma. Inamwondolea mtu aibu ya kuwa na mkono mfupi.

Mimi nina ugonjwa wa ngozi unaowasha, na mahali panaponiwasha kuliko pote ni katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega. Mkono wa kulia ukitokea juu haufiki, wa kushoto ukitokea chini haufiki. Kwa hiyo methali hii nimeisikia tofauti na wengi. Kuhusu pale ninapojipata inasema kweli. Kuhusu pale nisipojipata inanyamaza. Swali langu liko katika kimya hicho: sehemu ya mwili, au ya maisha, ambayo mkono wa mwenyewe haufiki, ni jukumu la nani?

Ugonjwa wenyewe unaitwa soriasisi. Ngozi ya kawaida hujibadilisha kwa muda wa mwezi mmoja hivi: seli huzaliwa chini, hupanda taratibu hadi juu, hufa na kudondoka bila mwenyewe kujua. Katika soriasisi, kinga ya mwili huichochea ngozi kana kwamba kuna adui, na safari ile ya mwezi humalizika kwa siku 3 hadi 5. Seli hufika juu kabla hazijakomaa, hurundikana, huwa mabaka yenye magamba. Vitabu vingi husema mabaka hayo ni mekundu, kwa kuwa vingi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwangu ni ya zambarau iliyofifia au kahawia nzito, na magamba yake ni ya kijivu kama majivu. Hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kushikana mikono, kunywa kikombe kimoja, kulala kitanda kimoja wala kuazimana kanga. Na hakuna dawa ya kuumaliza. Zipo dawa za kuutuliza, za kupaka, za kumeza na za sindano, na kuna matibabu ya mwanga. Lakini chini ya hayo yote, kama msingi chini ya nyumba, kuna mafuta.

Ninaposema mafuta nina maana ya vitu vya kawaida kabisa. Mafuta ya mgando, yale ambayo Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872 na kuyaita Vaseline, yangali miongoni mwa bora. Hayana miujiza. Yanaifunika ngozi ili maji yaliyomo yasipotee, yanalainisha magamba, yanazuia ngozi isipasuke pale inapojikunja. Krimu yenye yurea husaidia zaidi magamba yakiwa mazito, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Namna ya kupaka ina utaratibu wake. Unaoga kwa maji ya uvuguvugu, unajikausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua, unapaka ngozi ingali na unyevu. Unateka mafuta kwa kijiko safi ili usiingize uchafu koponi. Unapaka kufuata mwelekeo wa malaika, ili vinyweleo visizibe. Kama kuna dawa ya steroidi uliyoandikiwa, unaacha nusu saa hivi kati yake na mafuta. Na unakaa mbali na moto, kwa kuwa nguo au shuka iliyofyonza mafuta ya aina hii hushika moto haraka kuliko nguo kavu. Hilo la mwisho si dogo kwa mtu anayetoka nyumba yenye mafiga.

Nyumba hiyo iko Endagikot, wilayani Mbulu. Juni na Julai baridi ya huko haina utani. Upepo hushuka asubuhi na ngozi ya kila mtu hupauka, mzima na mgonjwa. Na kupauka, kama msomaji ajuavyo, ni neno lenye hukumu ndani yake. Mtoto akifika shuleni amepauka, watu hawamwoni yeye, wanamwona mama yake. Ndiyo maana mama, ambaye kwa Kiiraqw tunamwita aayo, alikuwa akitupanga kila asubuhi kabla ya shule na kutupaka mmoja mmoja, uso, mikono, miguu, akimalizia na kisigino. Soriasisi iliponianza nikiwa kidato cha pili, mafuta hayakuwa jambo geni nyumbani. Kilichobadilika ni muda. Wadogo zangu walichukua dakika mbili kila mmoja, mimi dakika ishirini. Nilipokuwa na umri wa kujipaka mwenyewe aliniachia mwili wote isipokuwa mgongo.

Watu wa nyumbani na wa mbali waliniuliza, na bado wananiuliza, swali moja: umepona? Kiswahili chetu kina neno nafuu, kina ahueni, lakini ulimi hukimbilia kupona. Tunaupenda ugonjwa wenye mwisho, kwa sababu unatupa sisi tulio pembeni ruhusa ya kuacha kuhangaika. Watu wa Mbulu ni wa kanisani sana, na wengi wananisimulia habari za Naamani, jemadari wa Shamu katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, aliyechukia alipoambiwa akaoge tu mtoni Yordani mara saba. Alitaka jambo kubwa. Watumishi wake wakamtuliza, akaoga, ngozi yake ikawa kama ya mtoto mdogo. Mimi hunivutia kwamba alihesabiwa. Mara saba, kisha basi. Mtu yeyote anaweza kufanya jambo dogo mara saba. Kinachotisha katika jambo dogo ni kulifanya asubuhi na jioni bila kujua idadi.

Hapo ndipo falsafa ninayoisoma imenigusa ngozini. Hannah Arendt, katika The Human Condition cha mwaka 1958, alitenganisha kazi inayoacha kitu nyuma yake na kazi ya kuendesha uhai, ambayo matokeo yake huliwa na siku hiyohiyo. Seremala akitengeneza meza, meza inabaki. Aliyepika, aliyefua, aliyefagia uwanja, kesho anaanza upya. Arendt aliona kwamba dunia ya pamoja, ile inayotuzidi umri, hujengwa na kazi ile ya kwanza. Sibishani naye kuhusu meza. Lakini nikiuweka mkono wa mama katika mgawanyo huo, unaangukia upande wa pili, upande usioacha kitu, na hapo sitaki kuuacha. Mafuta ya asubuhi huisha jioni, ni kweli. Lakini siku iliyopita katikati haikuisha bure. Nilishika kalamu kwa vidole visivyopasuka, nikakaa darasani saa tatu bila kujikuna mpaka damu, nikafaulu mtihani ambao cheti chake bado kipo. Anayetunza haachi kitu chake mwenyewe. Anaacha siku ambayo mwingine ameweza kuitumia. Kumuuliza mtu kama huyo lini atamaliza ni sawa na kumuuliza mkamua ng'ombe lini atamaliza kukamua.

Hata hivyo, heshima kwa kazi isiyoisha haitoshi kama hatuhesabu gharama yake. Mtu mzima mwenye ngozi kavu mwili mzima anaweza kuhitaji nusu kilo ya mafuta kwa wiki, wakati mwingine zaidi. Fanya hesabu: nusu kilo kwa wiki 52 ni kilo 26 kwa mwaka, zaidi ya kiroba kizima cha sembe cha kilo 25. Familia inayolima mahindi na maharage kwa kutegemea mvua inaweza kununua kopo moja kwa upendo. Kiroba kizima cha mafuta, mwaka baada ya mwaka, hakinunuliwi kwa upendo peke yake. Na ukifika dukani unaweza kusikia kwamba unanunua vipodozi, kwa sababu mafuta ya kupaka yamewekwa rafu moja na manukato.

Tanzania imewahi kuonyesha kwamba rafu hiyo inaweza kubadilishwa. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Nayo ni krimu tu ya kupaka, ukiitazama kwa juu. Lakini watu walikubaliana kwamba kwa mtu mwenye ualbino krimu hiyo inazuia saratani, hivyo ikatengenezwa hapahapa na kugawiwa. Soriasisi haiui kwa namna hiyo na sitaki kulinganisha maumivu. Nataka kusema tu kwamba mpaka kati ya urembo na tiba hauko ndani ya kopo. Unawekwa na watu, kwa kutazama nani anapaka na kwa nini.

Ili kutazama, lazima kwanza umwone mtu. Mwezi Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalotambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu usioambukiza, wenye maumivu na ulemavu, usio na tiba ya kuumaliza. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti ya kwanza ya dunia kuhusu ugonjwa huo. Humo viwango vilivyoripotiwa na nchi vinaanzia asilimia 0.09 hadi asilimia 11.4. Cha juu ni cha Norway. Cha chini kabisa kinatoka Tanzania.

Asilimia 0.09 ni chini ya mtu mmoja katika kila watu elfu. Huenda kweli ni wachache kwetu. Ugonjwa huu hufuata damu za koo, na jua huutuliza. Mwandishi wa Marekani John Updike, aliyeugua soriasisi tangu utotoni, alipanga maisha yake kwa kufuata fukwe zenye jua, tulilo nalo sisi mwaka mzima bure. Lakini kila ninapoiona namba hiyo ninamfikiria bibi yangu, aama, aliyekuwa na viwiko na magoti kama yangu. Alijipaka mafuta ya kondoo. Hakuna daktari wa ngozi aliyewahi kumwona, na sidhani kama alijua kwamba kuna watu wa kazi hiyo. Kikombe chake kilitundikwa peke yake. Wairaqw wa zamani walikuwa na desturi ya kutenga iliyoitwa meeta, ambapo nyumba iliyopatwa na jambo zito, kifo kwa mfano, ilikaa mbali na wengine kwa kipindi. Kwa waliofiwa meeta ilikuwa na mwisho, na watu waliwapokea tena. Kikombe cha bibi hakikuwa na mwisho, kwa sababu hakuna aliyetangaza mwanzo wake. Kilitengwa kwa adabu, bila neno, hadi alipofariki. Bibi hayumo katika namba yoyote. Takwimu nazo hujikuna zinapojipata.

Ninaiona sasa methali yangu ikitembea mbali na mgongo. Zahanati hujikuna inapojipata: ina dawa za malaria, haina krimu ya yurea. Bajeti hujikuna inapojipata. Na kila mara methali inayomfariji maskini inapotamkwa na mwenye nguvu hubadilika kuwa kisingizio. Mwenye shilingi elfu tano akiisema, anaeleza kimo cha mkono wake. Mwenye uwezo wa kurefusha mkono akiisema, anafunga mjadala. Mikono kwa kweli hurefushwa. Mwaka 1992, hapo hapo KCMC, kilianzishwa Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, ambacho pamoja na mengine huwafundisha maofisa tabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika magonjwa ya ngozi, kisha wanarudi walikotoka. Wazo lake ni la mtu aliyeitafakari methali vizuri: kama daktari bingwa hatafika kila wilaya, basi aandaliwe mwingine atakayefika.

Mpaka hapa ningeweza kuhitimisha kwamba tunachohitaji ni serikali yenye mikono mirefu na mafuta ya bei nafuu, na kumalizia hapo. Lakini chumba changu cha hosteli Dar es Salaam kimenifundisha kwamba swali lina nusu nyingine.

Dar ina joto na unyevu, na ngozi yangu inaipenda kuliko inavyoipenda Mbulu. Ila hakuna aayo. Mwenzangu wa chumba, dada wa Lindi anayesoma takwimu, aliniona jioni moja nikihangaika na mgongo. Akauliza kama unaambukiza. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi lete hilo kopo." Alinipaka kwa viganja vitupu, kwa kasi ya mtu anayepaka siagi mkate, huku akiendelea kulalamika kuhusu msimamizi wake wa tasnifu. Kwa mihula miwili hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kisha akaenda kukusanya data kwa miezi miwili, nami nikatafuta mbinu. Nilichukua mwiko mrefu wa ugali, nikaufunga kitambaa laini cha pamba, nikateka mafuta, nikajipaka. Unafika. Unafika kila mahali.

Sasa swali la falsafa likawa tupu kama meza: kama mwiko unafika, mkono wa mtu ulikuwa wa nini? Jibu la haraka lingekuwa kuudharau mwiko, na sitaki. Mwiko ulinipa uhuru ambao mtu mwenye mwili usiomsumbua hawezi kuuthamini. Jioni ambayo sina nguvu ya kuzungumza, jioni ambayo mwenzangu amechoka, siombi. Kuomba kila siku hata kwa anayekupenda kunapunguza kitu ndani ya mwombaji, na kunaweza kupunguza kitu ndani ya anayeombwa. Hakuna mtu ninayemdai aushike mgongo wangu. Mwenzangu angekataa, asingekuwa amenikosea. Kuguswa hakudaiwi.

Lakini mwiko hauoni. Mkono wa mwenzangu ulikuwa unaniambia: hapa kumepasuka, hapa kuna joto, hili baka jipya halikuwepo Jumapili. Mwiko hauna habari. Na kuna jambo jingine. Niliwahi kusoma mara nyingi kwamba soriasisi haiambukizi, na nimewaeleza watu wengi hivyo. Ni sentensi ya kweli ambayo watu huitikia kwa kichwa huku wakirudisha mkono nyuma. Kiganja kitupu cha mtu asiye ndugu yangu kiliisema sentensi hiyo kwa namna ambayo mwili wangu uliiamini. Lugha yetu yenyewe inaita mwiko kile tunachosongea ugali na kile kisichoguswa. Vyote viwili nimevijua.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu pale mkono usipofika lina sehemu mbili, na nadhani makosa hutokea tunapoziruhusu zichukuane nafasi. Mafuta ni haki. Kopo, krimu, ofisa tabibu anayeijua ngozi nyeusi, maelezo kwa Kiswahili fasaha, hivi ni vitu ambavyo jamii inaweza kuvipanga, kuvihesabu na kuvidaiwa. Mkono ni hiari. Hauwezi kuandikwa katika bajeti. Jamii ikikosa kutoa mafuta na kuiachia familia kila kitu kwa jina la upendo, inaugeuza mkono wa mama kuwa kodi. Na jamii ikitoa mafuta kisha ikadhani imemaliza, inamwachia mgonjwa kopo lililojaa na kikombe kilichotundikwa peke yake. Haki ndiyo inayoufanya mkono uwe huru, ili anayekupaka awe amependa kukupaka.

Likizo iliyopita, nyumbani Endagikot, baba mmoja jirani alinijia kuhusu mwanawe wa darasa la tano. Daktari alikuwa amekwisha kusema ni soriasisi na kuandika dawa, lakini mafuta hayakuwa yamesisitizwa. Nilikwenda na kopo. Nilimwonyesha mtoto namna ya kupaka baada ya kuoga, miguu kushuka chini, mikono kushuka chini, halafu nikampa dada yake sehemu ya mgongo. Dada yake ana miaka kumi na mitatu. Aliogopa kidogo, akaniangalia mimi nikipaka, kisha akapaka. Nikawaambia asikae karibu na mafiga akiwa na shati lililolowa mafuta.

"Atapona lini, mwalimu?" baba aliniuliza. Mimi si mwalimu, lakini kijijini mtu wa chuo huitwa hivyo.

Nilimweleza kwamba kutakuwa na miezi mizuri na miezi mibaya, kwamba ngozi inaweza kutulia hata muda mrefu, na kwamba inaweza kurudi. Kwamba mafuta hayatamponya, ila yatamwezesha kwenda shule na kulala usiku. Alinyamaza akimtazama binti yake, ambaye sasa alikuwa anapaka bila kuogopa, akiwa amemaliza mabega na kushuka katikati.

Kisha akalichukua lile kopo, akalipima mkononi, akauliza, "Hili moja linakwenda siku ngapi?"